Gari Jipya, Mguu wa Zamani

Dominika ya 18 ya Mwaka B
Masomo: Kut 16:2-4, 12-15, Efe 4:17, 20-24, Yn 6:24-35





Leo nitaanza na habari ya gari. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa nyavu na kwa chachu, yaani kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu wa siku zake. Wengi wetu siku hizi tumeshika usukani, na asiyeushika hukaa nyuma ya yule aliyeushika. Basi nasi tujifunze humo humo.

Kwa muda wa miaka 22 nimeendesha magari ya gia za mkono. Nilijifunza nikiwa shemasi, katika pikapu kuukuu ya misioni, ambayo gia yake ya pili haikuingia mpaka uibembeleze. Asiyeendesha gari aelewe hivi: gari la namna hiyo lina pedali tatu. Kushoto iko klachi, katikati breki, kulia mafuta. Mguu wa kulia hushughulikia breki na mafuta. Mguu wa kushoto una kazi moja tu, nayo ni klachi, ambayo huitenga injini na gia wakati dereva anapobadili mwendo. Klachi hukanyagwa kwa nguvu mpaka chini. Breki sivyo, breki hukanyagwa kwa kipimo, kidogo kidogo. Kwa hiyo mguu wa kulia hujifunza upole, na mguu wa kushoto hujifunza nguvu.

Halafu yako magari ya otomatiki, yanayojibadilishia gia yenyewe. Si kitu kigeni sana duniani. Huko Marekani kampuni ya General Motors iliyauza katika magari yake ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwetu yamekuwa mengi tangu tulipoanza kununua magari yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo kama sisi hupita upande wa kushoto wa barabara. Gari hilo lina pedali mbili tu, breki na mafuta. Klachi ya kukanyaga haimo. Na pedali ya breki mara nyingi ni pana, imenyooka kuelekea upande ule ule ambako klachi ilizoea kukaa.

Mwaka jana waamini wa parokia yetu walichanga, wakaninunulia gari la namna hiyo. Nikashukuru sana. Nikaliendesha wiki ya kwanza, wiki ya pili, nikajiona hodari. Wiki ya tatu nilikuwa natoka kupeleka Komunyo kwa wagonjwa, na pembeni yangu alikaa mzee wetu katekista, mtu aliyewafundisha dini nusu ya watu wa kijiji chetu. Tulipofika kwenye kona, mbuzi wawili wakaruka barabarani. Nikashtuka. Na katika kushtuka huko mguu wangu wa kushoto, ambao kwa wiki tatu ulikuwa umekaa kimya kama mtu aliyestaafu, ukainuka wenyewe, ukatafuta klachi, ukaikuta breki, ukaikanyaga mpaka chini. Gari likasimama ghafula. Mbuzi wakapona. Lakini mzee, ambaye mkanda wake nilikuwa sikumkumbusha kuufunga, alirushwa mbele, akapiga paji la uso kwenye dashibodi. Damu ikamtoka.

Nikamwomba radhi huku natetemeka. Yeye akajifuta kwa leso yake, akatazama chini kwenye miguu yangu, akasema polepole: “Padre, gari ni jipya. Mguu ndio wa zamani.”

Ndugu zangu, sijapata kusikia mahubiri mafupi kuliko hayo.

Sasa tutazame masomo ya leo. Katika somo la kwanza tunawakuta Waisraeli jangwani. Walitoka Misri siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, nao wamelifikia jangwa hili siku ya 15 ya mwezi wa pili. Mwezi mmoja tu! Bahari wameivuka kwa miguu mikavu, Farao ameshindwa, wao ni watu huru. Lakini wanamnung'unikia Musa na Haruni, wanayakumbuka masufuria ya nyama ya Misri. Fimbo za wanyapara wamezisahau, matofali wameyasahau. Kinachokumbukwa ni nyama. Miguu yao imetoka Misri, tumbo lao bado liko Misri.

Mungu hawakaripii kwanza. Anawapa kware jioni na mana asubuhi. Ila anaweka sharti: kila mtu aokote ya siku moja tu. Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo tunasoma kwamba wengine waliibakiza mpaka kesho yake, nayo ikaingia mabuu ikanuka. Kwa nini waliibakiza? Mimi nadhani ni kwa sababu mtumwa amezoea hivyo. Mtumwa hajui kama kesho atapewa. Hivyo anaficha kipande chini ya mkeka. Tabia hiyo ilimsaidia alipokuwa katika nyumba ya Farao. Katika jangwa la Mungu, ambamo kila asubuhi mbingu hufunguka, tabia ile ile inaoza mkononi mwake.

Angalieni vizuri jambo hili, maana hapo ndipo penye fundisho. Mguu wangu wa kushoto haukuwa na nia mbaya. Haukutenda dhambi. Kwa miaka 22 kukanyaga kwake kulikuwa kwema na kwa lazima. Bila yeye gari lisingeondoka. Kosa lake ni kwamba ulifanya kazi ya jana katika gari la leo. Tukizungumza juu ya mazoea, kwa kawaida tunafikiri juu ya ulevi, uzinzi na wizi. Hayo yapo, na ni mazito. Lakini yapo pia mazoea yaliyokuwa mema mahali fulani, ambayo tumeyabeba bila kuyatazama mpaka mahali pengine, nayo huko yanajeruhi watu.

Askari mstaafu anarudi kijijini. Kambini amri yake iliokoa maisha. Sasa anamwamuru mkewe chai kama anavyoamuru gwaride, na watoto wanamkimbia. Mwalimu aliyezoea wanafunzi sitini darasani anawasahihisha watu wazima katika Jumuiya, na Jumuiya inapungua. Mama aliyemlea mwanawe peke yake kwa jasho, akamchagulia hata rangi ya shati, sasa mwana ameoa, naye mama bado anachagua. Hakuna hata mmoja wao aliye mtu mbaya. Gari limebadilika, mguu haujabadilika.

Wapendwa, si haki nizungumze juu ya askari na mama wa watu nikanyamaza juu yangu. Kabla ya kuletwa parokiani nilikuwa mlezi katika seminari ndogo kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa nidhamu. Kengele ikilia, kijana awe mahali pake, akichelewa, swali langu la kwanza lilikuwa moja: “Sasa ni saa ngapi?” Vijana wanahitaji hilo, na baadhi yao leo ni mapadre wema wanaonishukuru.

Miezi michache baada ya kufika parokiani, kijana mmoja alibisha hodi saa tatu usiku. Nilifungua mlango, na kabla hajasema neno mdomo wangu ukatangulia: “Sasa ni saa ngapi? Ofisi inafungwa saa ngapi?” Kijana akainamisha kichwa, akasema, “Samahani Padre, nitakuja asubuhi.” Akaondoka. Sikumuuliza amekuja kwa ajili ya nini. Nilifunga mlango, nikasali Sala ya Usiku, nikalala.

Asubuhi alikuja. Baba yake alikuwa amefariki saa kumi za usiku bila Mpako wa Wagonjwa.

Kwa muda mrefu nilijitetea. Nilisema, angejieleza. Nilisema, utaratibu ni utaratibu. Ndipo siku ile, nikiwa nimeshika usukani na damu ya mzee ikidondoka juu ya shati lake, niliposikia maneno yake juu ya mguu wa zamani, nikaelewa. Usiku ule mlangoni mdomo wangu ulikuwa umekanyaga breki. Sikumkusudia kijana yule ubaya wowote. Lakini mtu amejeruhiwa bila kukusudiwa, na jeraha halipungui kwa sababu hiyo.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anawaandikia Waefeso waliokwisha kubatizwa. Hilo tulikumbuke. Haandiki kwa wapagani, anaandika kwa Wakristo, na bado anawaambia habari ya kuvua utu wa zamani na kuvaa ule mpya. Kwani hawakuuvua katika maji ya ubatizo? Waliuvua. Neema ya ubatizo ni kamili, wala haikosi kitu. Lakini kijana aliyepewa kiti cha dereva katika gari jipya huingia humo na miguu yake yote miwili, pamoja na yote ambayo miguu hiyo imejifunza. Mungu hatuondolei miguu yetu, bali hutupa nguvu ya kuifundisha upya.

Mtakatifu Agostino alilijua hilo kwa uchungu. Alizaliwa mwaka 354, akaongoka mwaka 386, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387 kwa mikono ya Mtakatifu Ambrosi mjini Milano. Katika Maungamo yake anaeleza jinsi alivyofungwa kwa mnyororo alioufua yeye mwenyewe: kutoka katika utashi uliopotoka ikazaliwa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikawa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa kama lazima. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika mafundisho yake juu ya tabia, anasema jambo la kutufaa sana sisi madereva: tabia hujengwa kwa matendo yanayorudiwa, na hudhoofika si kwa kupingwa tu, bali hata kwa kuachwa bila kutendwa. Wazee wetu walisema kwa ufupi: mazoea yana taabu.

Basi tufanye nini? Baada ya ajali ile nilikwenda kwa fundi mmoja mzee anayefundisha udereva, nikamwuliza. Alinipa mashauri matatu. Alikuwa anazungumza juu ya gari, nami nilisikia juu ya roho.

Shauri la kwanza. “Padre,” alisema, “usiuambie mguu usikanyage. Mguu hausikii maneno. Uupe mahali pa kukaa. Uvute nyuma, kisigino kiguse sakafu, uache pale pale mpaka ufike safari yako.” Ni kweli kabisa. Wengi tunajiwekea maazimio ya kukataa: sitatukana tena, sitakunywa tena. Na nafasi inabaki tupu. Mlevi anayeacha pombe na jioni yake ikabaki bila kazi, jioni ile itamrudisha kilabuni. Ajiwekee Rozari pamoja na watoto, au bustani, au kikao cha Jumuiya. Mimi nami nilijipa mahali: mtu akibisha hodi, neno langu la kwanza liwe “Karibu,” na la pili liwe “Kuna nini?” Mambo ya saa yatafuata baadaye, kama bado yana maana.

Shauri la pili. “Kabla ya kuwasha gari,” alisema, “kaa kidogo ujiulize: leo naendesha gari gani?” Hasa yule anayeendesha yote mawili, asubuhi lori la kazini na jioni gari la nyumbani. Ndugu, hiyo ndiyo sala ya asubuhi. Si lazima iwe ndefu. Mbele ya Mungu ujiulize: Leo natumwa kwa nani? Ofisini ni bosi, nyumbani ni mume. Sokoni ni mpambanaji wa bei, kanisani ni ndugu. Ukishuka katika gari moja ukapanda jingine bila kujiuliza, mguu utakujibia.

Shauri la tatu. “Usijiamini mapema,” alisema. “Mguu wa zamani hulala, haufi upesi. Ukishtuka, ukichoka, ukikasirika, utaamka.” Tazameni kwamba katika wiki tatu za utulivu sikukosea hata mara moja. Ni mbuzi wawili walioufunua mguu wangu. Ndivyo ilivyo katika maisha ya kiroho. Anayeanguka tena siku ya msiba, au siku ya uchovu, asikate tamaa akisema kwamba wongofu wake ulikuwa wa uongo. Aende kwenye Sakramenti ya Kitubio, ajue ni wapi mguu wake unaamkia, aanze tena. Na usiku, katika kutafiti dhamiri, asitafute tu alichofanya, bali atafute pia alishtushwa na nini.

Hapa nina neno kwa vijana, na kwa wazazi wao. Kuna safari ya upande wa pili, nayo ni ngumu vile vile. Aliyejifunza katika gari la otomatiki akipewa gari la gia za mkono, husimama kwenye makutano akasahau klachi, na injini ikazimika. Kwenye mlima gari humrudi nyuma. Amezoea kufanyiwa, sasa lazima afanye. Hao ni vijana wetu wengi. Nyumbani mama aliwaamsha kwenda Misa. Shule ya bweni kengele iliwapeleka kanisani. Imani ilijibadilishia gia yenyewe. Wanapofika mjini, chuoni au kazini, hakuna mama wala kengele. Jumapili ya kwanza inapita, ya pili inapita, injini imezimika, nao wanadhani imani imekufa. Haijafa. Ila sasa inakudai mikono na miguu yako mwenyewe. Iwashe tena. Na ninyi makatekista, msiwafundishe watoto kukaa katika gari tu. Wapeni usukani mapema. Mtoto aongoze sala ya mezani. Kijana asome somo katika Jumuiya, hata kama anakwama.

Na wale wanaoshuka mteremko mkali, kama ule wa Kitonga katika njia ya Iringa, wanajua hatari nyingine: dereva anayeweka gia frii ili apunguze mafuta. Injini ndiyo iliyokuwa ikilizuia gari. Yeye ameiachia, sasa anategemea breki tupu, nazo zikipata moto sana hazishiki. Ndugu yangu ambaye mambo yako sasa yanateremka kwa urahisi, fedha ipo, afya ipo, usijiweke frii. Kwenye mteremko ndiko sala inakohitajika kutuzuia.

Injili ya leo inamaliza somo hili. Watu wanamtafuta Yesu ng'ambo ya ziwa. Anawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Wamefika mbele ya Mkate wa uzima, nao wanaomba ule mwingine waliouzoea. Hawafukuzi. Anazungumza nao kwa uvumilivu, hatua kwa hatua, akiwaongoza kutoka njaa wanayoijua hadi njaa wasiyoijua. Ndivyo anavyotufanyia katika kila Ekaristi. Hatuji kwake na miguu mipya. Tunakuja na hii hii, naye anatulisha ili tuweze kuifundisha.

Namalizia kwa habari ya nyumba ile ya marehemu. Niliporudi kutoka hospitali na mzee katekista, paji lake likiwa limeshonwa, nilimwomba anisindikize huko kesho yake. Tulimkuta mama mjane anapepeta mchele. Nilimweleza usiku ule ulivyokuwa, bila kujitetea, nikaomba msamaha mbele yake na mbele ya mwanawe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia kijana anisogezee kiti, naye akasema: “Karibu, Padre. Siku nyingine utusikilize kwanza.”

Sikupata maneno mengine ya faraja siku ile, wala sikustahili mengine. Lakini tangu hapo kila nikisikia hodi usiku, navuta mguu wangu wa zamani nyuma, kisigino kiguse sakafu, halafu nafungua mlango.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliye Mkate wa uzima, ulitutoa katika nyumba ya utumwa, lakini utumwa haujatutoka wote. Utujalie kuyajua mazoea yetu, yale mabaya tuyaache, na yale mema tuyaweke mahali pake. Uwaponye wale tuliowajeruhi bila kukusudia, na utupe ujasiri wa kubisha hodi kwao. Uwapokee katika amani yako wale waliofariki wakitungoja. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.